Siku Uliyolikata Bawa la Kushoto

Wawira mama,

Umeondoka sasa hivi na pikipiki kwenda Runyenjes kumuaga shosho, nyanya yako, na mama yako yuko ndani anapanga sanduku lako na kulipangua. Mimi nimekuja huku bandani. Nimefuta vumbi la mbao mezani kwa kiwiko, nikaweka karatasi, na kabla sijaandika mstari wa kwanza nimekwisha kuinuka kwenda kuangalia kama kamba za kufungia mkia wa ndege yetu zimekaza. Zimekaza. Nimekaa. Nimeinuka tena. Upepo wa leo unatoka upande wa kilima cha Kiang'ombe na mabati yanalia, na unanijua mimi, siwezi kutulia mtu wangu akiwa na safari.

Nakuandikia kwa Kiswahili makusudi. Kwa Kimbeere ningekuwa nimeanza kukugombeza tayari. Kiswahili nilikipata shuleni kwa kiboko, kwa hiyo nikikiandika lazima nifikiri kwanza.

Habari za sweta, za dawa, za kutoiacha pasipoti ovyo, mama yako amekwisha kukuambia na atakuambia tena asubuhi mkiwa mlangoni. Hizo nazipita. Mimi nina jambo la jana.

Jana jioni ulikuwa unaosha sufuria, ukasema kama mtu anayeongea na sufuria: "Naweza kubadilisha tiketi. Chuo kinaweza kungoja wiki moja." Mimi nikatoka nje nikajifanya naenda kufunga kuku. Najua kwa nini unataka kungoja. Rubani anakuja juma lijalo, ndege tuliyoijenga hapa bandani itaruka kwa mara ya kwanza, na wewe utakuwa Addis Ababa darasani, ukifundishwa majina ya bolti ambazo umekuwa ukizikaza tangu shule ya msingi. Si haki. Nakubali kabisa si haki. Lakini nataka uende kesho, na kwa sababu mdomo wangu ulishindwa kukuambia sababu, acha nijaribu hapa, hata kama itabidi nianzie mbali.

Nilipokuwa mtoto nilikaa mwaka mmoja Kinoru, kule Meru mjini, kwa baba mdogo aliyekuwa akitengeneza baiskeli. Sikukuu moja bwana fulani mwenye kipaza sauti alipita barabarani akitangaza kwamba helikopta itatua uwanjani mchana. Tulienda sote. Watu walifunga vibanda. Nilibebwa mabegani mpaka baba mdogo akachoka, akaniweka kwenye nyasi. Helikopta haikuja. Jua lilipoanza kushuka watu wakaanza kumzomea yule bwana, na yeye alikuwa bado anasema, "Iko njiani, jameni, iko njiani," sauti ikizidi kuwa ndogo. Mtu akamnyang'anya kofia. Nilicheka pamoja na wengine. Lakini kilichobaki ndani yangu miaka yote hii si hamu ya helikopta, ni uso wa yule bwana. Nimekua nikiogopa kuwa yeye.

Sasa ukijua hilo, labda utaelewa kidogo nilikuwa na hali gani juma lile la ukaguzi wa ndege.

Unajua tulivyofika pale. Jioni zote zile baada ya kazi, mshahara wa ofisi ya maji ukigeuka plaiwudi. Mbao tulizochagua moja moja, wewe ukizielekeza kwenye jua uone kama nyuzi zake zimenyooka. Injini ya gari la zamani iliyokaa sebuleni mpaka mama yako akaifunika kitambaa cha kufuma kama watu wanavyofunika redio. Na kitambaa cha mabawa, ambacho mlikishona nyinyi wawili kwenye mbavu za bawa kwa ile sindano ndefu, yeye juu, wewe umelala chini, mkirudishiana uzi bila kuongea. Siakago yote iliijua hiyo ndege. Mtu akija ofisini kulalamika kwamba mfereji wake umekauka, alikuwa akimaliza kwa kuuliza, "Na ndege iko aje?"

Watu wa usafiri wa anga kule Nairobi walipotupatia siku ya ukaguzi, ikawa ni Alhamisi, mimi nikafanya kosa. Nilitangaza. Nilimwambia Juma wa buchari atafute ng'ombe. Nilimwambia mchungaji. Nilimwambia diwani, akaahidi hema na viti. Mkaguzi hata hakuwa anakuja kuirusha ndege. Alikuwa anakuja na tochi na kioo chake cha kuchungulia, aone kama imejengwa sawasawa, ndipo atoe kibali cha majaribio. Lakini nilivyoongea, ungedhani Alhamisi tungeuzunguka mlima Kirinyaga na kurudi kunywa chai. Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu na sikukiona.

Zile siku za mwisho nilikuwa mtu mbaya kukaa naye. Tulipima uzito kwa mizani ya magunia ya ndengu, tukapima kama petroli inatiririka vya kutosha mkia ukiwa chini, tukabandika vibandiko vya kila swichi, tukapitia kila nati kuona kama ina pini ya kuizuia isifunguke. Nilikufokea kwa sababu umeweka bisibisi upande wa kulia. Nilimfokea mama yako kwa kuleta uji. Nilikuwa nikiamka na kuja hapa kusimama tu, kisha narudi, kisha naja tena.

Jumanne mchana ulikuwa chini ya bawa la kushoto, mkono umeingia wote kwenye kitundu cha ukaguzi, unafuata kebo. Mkono ukasimama.

"Baba, kuja kidogo."

"Nini tena?"

"Shika tochi. Angalia hapo nyuma, pale boriti imeunganishwa."

Boriti ni ule mti mrefu unaobeba bawa lote. Ukishindwa huo, hakuna bawa. Niliangalia. Niliona mstari mwembamba kama unywele. Ukatoa wembe mfukoni, ukauweka kwenye ule mstari, na wembe ukaingia bila kusukumwa.

"Hiyo ni gundi iliyomwagika juu tu," nikasema.

"Baba, imeingia mpaka hapa." Ulinionyesha kwa kidole chako.

"Mkaguzi hataona hapo."

"Najua hataona."

"Basi?"

"Basi si mkaguzi atakayepanda."

Nilikumbuka, Wawira. Hapo hapo nikiwa na tochi mkononi nilikumbuka siku niliyounganisha ile boriti. Wewe ulikuwa bado bwenini. Lilikuwa lile joto la Siakago la kabla ya mvua, na gundi ikaanza kupata moto yenyewe ndani ya kopo, kama kikombe cha chai. Kila anayetumia gundi ile anajua ikifika hapo imekwisha kuanza kukauka. Lakini mbao zilikuwa zimelazwa tayari, gundi nyingine ilikuwa mbali, na mimi sikutaka kuipoteza siku. Nikabana vibano, nikaenda kula. Sikukuficha. Nilijisahaulisha tu, na hilo mtu hulifanya kirahisi sana akiwa na haraka.

Nilikuambia, "Usiguse hapo. Hii ndege nimeijenga mimi." Kisha Juma akapiga simu kuhusu ng'ombe, nikatoka nje kuongea naye, tukabishana kama awe dume au la. Niliporudi ulikuwa umesimama na kisu cha mama yako cha kukatia vitambaa, na bawa la kushoto limepasuliwa urefu wa mkono mzima, kitambaa kinaning'inia.

"Umefanya nini?"

"Nimefungua."

Sitaki kuandika yote niliyosema. Nyundo ya mpira niliirusha ukutani, alama yake naiona kutoka hapa nilipokaa. Nilisema hujui kujenga, unajua kuharibu tu. Ulisimama pale umebana midomo, hukulia, na hukuondoa kisu mkononi, na hilo ndilo lililonichoma zaidi, kwamba hukuwa unaniogopa.

Mama yako alikuja mbio akidhani mtu ameumia. Aliliona bawa. Kazi yake ya miezi, Wawira, mishono aliyokuwa akiihesabu kwa pumzi. Hakusema kitu juu ya mishono. Alisogea, akaingiza kidole kwenye ule ufa, akauliza kwa upole:

"Ni nani angekaa hapa?"

"Rubani," nikasema.

"Halafu?"

"Halafu mimi."

"Halafu?"

Sisi watatu tulijua ni nani aliyeahidiwa kupanda baada yangu. Mama yako akatoka, akarudi na mkasi mdogo, akaanza kufumua mishono kutoka ncha ya bawa.

Nilitoka nikaenda. Nilitembea barabara ya Ishiara mpaka viatu vikajaa mchanga, nikageuka, nikapita sokoni, nikajikuta mbele ya buchari ya Juma. Juma ni mtu wa Majengo, Embu mjini, Kiswahili chake ni cha kuzaliwa nacho, na mimi nikiwa na hasira mbele yake maneno hunipotea. Nikamwambia tu hakuna Alhamisi.

"Mgonjwa nani?" akauliza.

"Ndege."

Akaendelea kukata mbavu. "Basi Baba Wawira, ng'ombe yeye hajui tarehe. Nitamwacha ale majani."

"Watu watacheka, Juma."

"Watacheka sana," akasema, na hakunihurumia hata kidogo. "Mimi mwenyewe nitacheka. Umempigia simu yule wa Nairobi?"

Sikuwa nimempigia. Nilitoa simu nikairudisha, nikaitoa tena, nikazunguka nyuma ya buchari ambako mbwa wanangoja mifupa. Ilinichukua muda wote wa mchana uliobaki. Nilitaka niseme barabara imeharibika, au nina msiba. Mwishowe nilisema ndege haiko tayari, kuna kiungo kimoja cha bawa sina imani nacho. Mkaguzi, ambaye ni mwanamke, akasema, "Afadhali umepiga. Ukimaliza niambie," na akakata. Hivyo tu. Jambo nililoliogopa tangu Kinoru lilichukua muda mfupi kuliko kuagiza chai.

Ni kweli walicheka. Yule kijana wa bodaboda wa pale stendi alikuwa akinguruma kama propela kila nikipita. Diwani akapeleka hema lake kwenye harusi. Kisha bei ya muguka, ile mirungi yetu ya kutafuna, ikaanguka, watu wakapata mengine ya kuongea.

Nimeinuka kidogo kwenda nje. Hakuna kitu. Nilidhani nimesikia pikipiki.

Sasa nifike kwenye sehemu ngumu, maana hiyo ya kuahirisha ni rahisi kuisimulia. Ngumu ni zile wiki zilizofuata. Tulifanya kazi pamoja kwenye bawa lile kila jioni na sikuongea nawe. Niliongea na vibano, na mbao, na msasa. Hasira ile haikuwa na sababu, na ndiyo maana haikuisha. Ungekuwa umekosea ningekusamehe kabla ya chakula. Ulikuwa sahihi, na hasira ya namna hiyo haina pa kwenda, inazunguka tu nyumbani, inakaa mezani na watu wanakula nayo. Mama yako alikuwa akituletea chai vikombe viwili na kuviweka mbalimbali, kama watu wawili waliokutana kwa fundi. Ningekuwa na akili ningesema neno moja siku ya kwanza. Siku ya pili neno lile lilikuwa zito zaidi. Siku ya kumi sikuweza kulinyanyua.

Wewe ulikuja tu. Kila jioni. Ungeweza kusema, jenga mwenyewe ndege yako. Ulikuja ukakata ile sehemu mbovu, ukapima mbao mpya, ukasubiri jua lishuke ndipo tuchanganye gundi. Na kwa kila kopo la gundi ulitenga vijiti viwili vya kujaribia, ukaviunganisha pembeni.

Unaikumbuka siku tuliyovivunja? Uliweka kimoja kwenye ukingo wa meza, nikakipiga kwa nyundo. Kikavunjika, ukakiokota, ukakigeuza, ukaniletea karibu na macho. Mbao ilikuwa imechanika vipande vipande na gundi imeshika vilevile, haikuachia hata pembe. Ukasema, "Hii sasa hata ukitaka iachie, haitaki." Nikacheka. Sikujua nitacheka. Ukacheka na wewe, ukakaa chini kwenye vumbi la mbao ukicheka na machozi yanatoka, na mama yako akaja mlangoni kuangalia ni nini, akarudi ndani bila kuuliza. Tangu hapo tukawa tunaongea. Lakini sikusema lile neno, Wawira. Nililiruka. Nilidhani kicheko kimelibeba.

Halikubebwa. Nilijua hivyo siku ya ukaguzi, ile ya pili, ambayo wewe ulikuwa Nairobi kwenye mambo ya viza. Ulipiga simu ukauliza, nikakuambia, "Imepita," nikakata. Ulilalamika kwa mama yako kwamba sijakusimulia. Basi nakusimulia.

Alikuja asubuhi. Mwanamke mfupi, viatu vya kazi, pengine amekuzidi miaka michache tu. Hakuna hema, hakuna mchungaji. Tulikuwa mimi na mama yako, na Juma ambaye hakuna mtu aliyemwalika, amesimama mlangoni na nyama kilo moja kwenye gazeti. Mkaguzi alivua koti, akapiga magoti kwenye vumbi, akaanza mkiani. Aligonga, akachungulia, akavuta kebo, akaandika. Nilikuwa nazunguka naye mpaka akaniambia, "Mzee, kaa kidogo, unanifunikia mwanga." Nilikaa. Niliinuka.

Alipofika bawa la kushoto akapitisha kiganja juu ya kitambaa.

"Hili limefunguliwa."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Nilikuwa nimejiandalia jibu. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi nikinyoa ndevu: tulitaka tu kujihakikishia. Ni jibu zuri, si ndiyo? Hakuna uongo wa kushikika ndani yake. Nikamwangalia mama yako, naye anaangalia sakafu, na nikaona kabisa kwamba nikisema hivyo atanyamaza, atanipikia, na hataniambia kitu mpaka tuzeeke.

Nikasema, "Niliunganisha boriti vibaya. Gundi ilinikaukia, na nikajua, nikaendelea. Siku mbili kabla ya ile siku uliyokuwa uje mara ya kwanza, binti yangu aliuona ufa. Nilimkataza. Akalikata bawa nikiwa nimetoka. Nami nikamtukana."

Kalamu yake ilisimama. Juma pale mlangoni alikohoa.

"Yuko wapi huyo binti?"

"Nairobi, anatafuta viza. Anaenda kusomea ufundi wa ndege."

Akatikisa kichwa polepole, akaangalia bawa tena, akaomba avione vile vijiti vya majaribio. Nikamletea. Akavigeuza kama ulivyovigeuza wewe. Akasema, "Mtu akiniambia mwenyewe ananipunguzia kazi. Lakini bado nitaangalia kila kitu." Na akaangalia kweli, maana kwenye pedali ya kushoto alikuta nati haina pini. Ile niliifunga mimi, mama, si wewe. Nilipotaka kuitia, pini ikaniponyoka, na yeye akanishikia tochi mpaka nikaipata. Mchana ukiwa umeiva alitupatia kibali cha majaribio: rubani peke yake, mbali na mji, mbali na soko. Juma akasema nyama itaharibika kama hakuna mtu atakayewasha moto.

Hapo ndipo nilipolisema lile neno, Wawira, kwa mgeni, mbele ya mchinjaji, wewe ukiwa umepanga foleni Nairobi. Nalisema sasa kwako mwenyewe: ulikuwa sahihi, na nilikukosea.

Turudi kwenye tiketi. Uliposema jana kwamba utangoja, unajua nilitaka kusema nini? Nilitaka kusema, ngoja. Lilikuwa hapa kooni. Nilijiona nimesimama kiwanjani nikikushika bega, nikiwaambia watu, huyu ndiye. Unaona? Kipaza sauti tena. Ningekuondolea darasa lako ili uwe pambo la siku yangu. Na siku yenyewe ni nani anayeijua? Upepo unaweza kukataa, injini inaweza kukataa, rubani anaweza kuamka na homa. Utabadilisha tiketi mara ya pili? Mimi nimekwisha kuona tarehe ikinitawala mpaka nikataka kumweka mwanangu juu ya boriti iliyopasuka. Sitaki ikuguse wewe hata kwa jambo zuri.

Usidhani pia nakuandikia fumbo, ndege inaruka na mtoto anaruka. Ndege ni ndege. Ndege haijawahi kunijibu.

Huko unakoenda utakutana na mkubwa fulani, fundi hodari, utampenda, atakufundisha mengi. Na siku moja atachungulia mahali, atachoka, atasema, hapo hapaonekani, tufunge. Hatakuwa mtu mbaya. Mimi sikuwa mtu mbaya ile Jumanne. Nilikuwa nimechoka na nilikuwa naogopa watu wa soko. Usimchukie, ila usizime tochi. Na kuna siku nyingine, mbali kidogo, ambayo naiogopa zaidi kwa niaba yako: wewe ndiye utakuwa mkubwa, gundi iliyokukaukia itakuwa yako, na kijana fulani atakuja ameshika wembe. Siku hiyo jitahidi kunishinda. Haitakuwa vigumu, mimi nimekuachia rekodi ya chini sana.

Mama yako ameingia sasa hivi kuuliza kama nimeona ufunguo wa sanduku. Ameona karatasi, amezichukua bila kuomba, amesoma amesimama, midomo ikitembea. Nimemwacha. Nimekaza kibano ambacho hakikuwa kimelegea.

"Gundi," amesema. "Bolti. Mkaguzi. Juma na nyama yake. Na mtoto yuko wapi humu?"

"Yote ni ya mtoto."

"Hujamwambia."

"Nini?"

"Wewe unajua nini." Ameziweka mezani akatoka, ameuacha mlango wazi.

Basi ni hivi. Kesho kutwa nitatoka kazini nije hapa. Nitainama chini ya ndege, nitanyoosha mkono nyuma bila kuangalia ili niwekewe spana, nao utabaki hewani. Sijui nitaurudisha vipi.

Nenda.

Baba yako